Kichwa cha Mtoto Kikikua Haraka: Huenda ni Mishipa ya Damu

Mtoto akizaliwa na kichwa kikubwa, maneno huanza kijijini. Wengine husema amerogwa. Wengine humlaumu mama. Sisi tunasema: mpelekeni hospitalini kwanza.

Damu hutoka moyoni kwa nguvu kupitia ateri. Kwenye ubongo hupita katika vimishipa vyembamba kama nywele, ikapungua kasi, kisha ikarudi moyoni kwa vena. Kwa watoto wachache, tangu tumboni, ateri zimeungana moja kwa moja na vena. Ni kama mtaro wa shamba usio na kizuizi: maji yote hukimbilia upande mmoja. Vena hufura, na moyo huchoka kwa kusukuma. Kwa wachanga, hali inayojulikana zaidi ni ile ya mshipa wa Galen, katikati ya ubongo.

Dalili ni hizi:
- Mchanga anahema haraka, anatoka jasho na kuchoka akinyonya.
- Kichwa kinakua upesi, na mishipa inaonekana kichwani.
- Anapata degedege.
- Mtoto mkubwa anaumwa kichwa ghafla sana, anatapika au upande mmoja unalegea. Huenda damu imevuja. Msingoje asubuhi!

Hospitalini huanza na skani kupitia utosi, kisha picha ya MRI. Dawa husaidia moyo. Mtoto akiwa na nafuu, madaktari hupenda kungoja hadi karibu miezi 5. Halafu hupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa kinena hadi kichwani, na kuziba njia mbaya kwa gundi maalum. Hufanywa kwa awamu, si mara moja. Zamani wengi wa watoto hawa walikufa. Njia hii imeokoa wengi.

Tahadhari: si kila kichwa kikubwa ni cha kuwekewa mrija wa kutoa maji mara moja. Kama shida ni mshipa huu, mrija ukitangulia unaweza kuleta madhara. Kwa hiyo ulizeni: "Mishipa imepigwa picha?"

Kikundi kifanye nini?
1. Kila kliniki, kichwa kipimwe kwa utepe na kuandikwa kitabuni.
2. Kila familia ijiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kuuliza mapema italipa nini.
3. Wekeni akiba ya nauli, maana safari ni nyingi.
4. Mtoto akipata degedege, mlazeni ubavu. Msimtie kitu mdomoni.

Mama huyo asiachwe peke yake. Mzigo wa wengi ni mwepesi.