Fahamu: Mwanariadha mwenye ulemavu husaidiwaje katika mbio ndefu za milimani?

Mbio za UTMB, zinazouzunguka mlima Mont Blanc kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, zina urefu wa takriban kilomita 170 na jumla ya miinuko ya karibu mita 10,000. Muda wa mwisho ni saa 46 na nusu.

Kwa anayekimbia na mguu bandia, tatizo kubwa huwa pale kigutu kinapoingia kwenye mguu huo. Jasho hukifanya kiteleze, nacho huvimba au kusinyaa kadiri saa zinavyopita, ngozi huchubuka. Mteremko wenye mawe ni mgumu zaidi, kwa kuwa kifundo bandia hakihisi ardhi.

Wasaidizi humngoja kwenye vituo vilivyoruhusiwa wakiwa na taulo, soksi kavu za kigutu, dawa ya vidonda na vifaa vya kukaza mguu. Asiyeona hukimbia na kiongozi.

Jacky Hunt-Broersma, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyepoteza mguu kwa saratani, alikimbia marathoni 104 kwa siku 104 mwaka 2022. Uwezo upo. Waandaaji waweke kanuni za usaidizi mapema, tena kwa kuwashirikisha wanariadha wenyewe.