Manukato ya Bei Ghali: Je, Yastahiki Kununuliwa?

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Mama mmoja miongoni mwa wasomaji wetu ametuletea suali. Mumewe ameipenda chupa ya manukato ya kiume ya Amouage, itokayo Oman, na bei yake yakaribia ada ya muhula mzima ya mtoto wao. Anauliza: je, hii ni sunna au ni israfu? Na iwapo ni israfu, amwambie vipi mumewe pasi na kumvunjia heshima? Suali hili linazigusa nyumba nyingi, kwa hivyo tumeonelea tulijibu mbele ya wote.

Sunna ya manukato

Hapana shaka kwamba Mtume (S.A.W.) aliyapenda manukato, na imepokewa kuwa hakuwa akiyarudisha anapopewa. Siku ya Ijumaa mwanamume amehimizwa aoge, avae vizuri na ajipake manukato yaliyomo nyumbani mwake. Na tulizingatie neno hilo: yaliyomo nyumbani mwake. Hakuamrishwa ayasafirie wala ayakopee. Mwenye kichupa kidogo cha uturi wa bei nafuu akajipaka kwa nia safi, sunna ameipata kamili.

Ughali watoka wapi?

Nyumba ya Amouage ilianzishwa Oman mwaka 1983, na manukato yake ya kwanza, Gold, yalitungwa na bingwa wa Kifaransa, Guy Robert. Miongoni mwa yanayosifiwa sana na wanaume ni Interlude Man, yaliyotoka mwaka 2012, yenye harufu nzito ya ubani, udi na sandali. Chupa yake ya mililita 100 huuzwa kwa zaidi ya dola 300 za Marekani, nazo ni karibu shilingi 40,000 zetu.

Baadhi ya ughali huo una sababu. Ubani bora hutoka Dhofar, kusini mwa Oman, ambako mti hutiwa chale, utomvu ukachuruzika na kukauka kabla ya kukusanywa kwa mkono. Udi nao hupatikana katika miti ya Asia pale inapoingiwa na ukungu ikajitetea kwa kutoa utomvu mweusi. Si kila mti huwa na udi, na biashara yake imewekewa masharti ya kimataifa ili miti hiyo isitoweke.

Hata hivyo, si kila jina lililoandikwa kwenye sanduku limo ndani ya chupa. Ambari ya kweli hutoka tumboni mwa nyangumi, lakini manukato mengi ya leo yanayoitwa ya ambari hayana hata chembe yake. Ni mchanganyiko wa utomvu wa mimea, vanila na vitu vya maabara. Isitoshe, sehemu kubwa ya kinachopulizwa ni spiriti, na katika bei mna chupa, sanduku, matangazo na kodi ya duka. Kuhusu hiyo spiriti wanavyuoni wametofautiana. Anayetaka kujitoa katika shaka, uturi wa mafuta matupu unamtosha.

Tupige hesabu

Chupa ya mililita 100 hutoa takriban mipulizo 1,000. Kwa bei tuliyoitaja, kila mpulizo ni shilingi 40. Anayepuliza mara nne kila siku hutumia shilingi 160 kwa siku, na chupa itamwishia kwa siku 250. Anayeiweka kwa Ijumaa pekee atatumia takriban shilingi 8,300 kwa mwaka, na chupa itakaa karibu miaka mitano, iwapo ataihifadhi mbali na jua na joto.

Tena joto la pwani yetu lina hukumu yake. Harufu nyepesi za mwanzo huruka upesi, na manukato mazito humchosha aliyesimama karibu nawe katika safu. Pua ya mwenyewe huzoea baada ya muda mfupi, akadhani yamekwisha, akaongeza. Kwa hivyo asiyekuwa na hakika na ajaribu kwanza: apulize mkononi, asubiri hadi jioni, ndipo aamue. Wapo wanaouza vichupa vya mililita 5 au 10. Lakini anunue kwa mtu mwaminifu, kwani manukato ya kughushi ni mengi.

Hukumu yetu

Katika Sura Al-Aaraf, aya ya 31, Mola wetu ametuamrisha tujipambe tuendapo kusali, na papo hapo akatukataza israfu. Mambo haya mawili yamekuja pamoja wala hayatengani. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba dinari yenye ujira mkubwa zaidi ni ile mtu anayoitumia kwa watu wa nyumba yake.

Basi aliyekwisha kulipa ada, deni, kodi ya nyumba na zaka, na wazazi wake hawalali na dhiki, akabakiwa na ziada, kwake manukato hayo ni halali na neema ya kushukuriwa. Ama ambaye ada ya mtoto haijalipwa, chupa hiyo kwake haistahiki hata iuzwe nusu ya bei, kwa sababu anajipaka haki ya mwanawe.

Nawe mama yetu, usimkatalie mumeo mbele ya watoto wala mbele ya rafiki zake. Ngoja saa ya utulivu, mfukizie udi wa nyumbani, kisha mweleze kuwa unampenda anukie na unafurahi anapojipamba. Weka karatasi ya ada na bei ya chupa pamoja, umuulize: tuanze na lipi, baba fulani? Huenda mkakubaliana ada itangulie, na kichupa kidogo kifuate Idi ijayo. Mume mwenye hekima hataona haya kukubali, na mke mwenye hekima hatamkumbusha kesho kwamba alishindwa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu zinukie kwa tabia njema kabla ya uturi. Wallahu aalam.