Hatia Yenye Maana Mbili: Rekodi ya Jinai na Ukaazi wa Kudumu Marekani

Katika sheria ya Marekani, mkaaji wa kudumu ni mgeni aliyeruhusiwa kuishi na kufanya kazi nchini humo bila kikomo cha muda ingawa hajawa raia, na kitambulisho chake ndicho kinachojulikana mitaani kwa jina la grinkadi. Wako wanaoamini kwamba aliyewahi kufikishwa mahakamani hawezi kuipata kamwe, na wako wanaoamini kwamba kesi iliyoishia kwa faini ndogo imezikwa na haitafufuka. Dhana hizo mbili zina kasoro moja, nayo ni kudhani kwamba sheria ya uhamiaji huisoma rekodi ya jinai kama hakimu alivyoiandika, ilhali sheria hiyo ina kamusi yake yenyewe.

Neno la kwanza katika kamusi hiyo ni hatia. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 1996, mgeni huhesabiwa kuwa ametiwa hatiani iwapo alikiri kosa na mahakama ikampa adhabu yoyote au kumwekea masharti, hata kama hakimu aliahirisha kutamka hatia na kuifuta kesi baada ya mshtakiwa kumaliza kipindi chake cha uangalizi kwa utulivu. Neno la pili ni kifungo, ambacho hujumuisha kifungo kilichoahirishwa, yaani kile ambacho mtu hakitumikii maadamu hatendi kosa jingine; mbele ya ofisa wa uhamiaji, mwaka mmoja ulioahirishwa ni mwaka mmoja, ijapokuwa mhusika hakulala gerezani hata usiku mmoja. Kwa mantiki hiyohiyo, rekodi iliyofutwa na mahakama ya jimbo kwa sababu tu mhusika amejirekebisha, kwa kawaida huendelea kuhesabiwa.

Si kila kosa, hata hivyo, linalofunga mlango. Kundi linalozua mabishano mengi zaidi ni la makosa ya utovu mkubwa wa maadili, istilahi iliyoingia katika sheria za uhamiaji za nchi hiyo mwaka 1891 na ambayo Bunge halijawahi kuifafanua, likaiacha kazi hiyo kwa mahakama. Na mwaka 1951 Mahakama ya Juu ilikataa hoja kwamba maneno hayo yana utata mno. Kwa mujibu wa maamuzi yaliyokusanyika tangu hapo, udanganyifu na wizi wa kukusudia kumnyima mtu mali yake moja kwa moja vimo, ilhali kuendesha gari kwa ulevi, bila jambo jingine la kuliongezea uzito, kwa kawaida hakumo, mpangilio ambao mtu aliyenusurika kugongwa barabarani angeuona wa ajabu. Mwenye kosa moja tu la kundi hili husalimika ikiwa adhabu ya juu kabisa ya kosa hilo haizidi mwaka mmoja na yeye mwenyewe hakuhukumiwa kifungo kinachozidi miezi 6.

Unafuu huo haupo kwa dawa za kulevya. Hapa kiasi kidogo hakimwokoi mtu, na bangi iliyohalalishwa na jimbo anamoishi bado ni haramu katika sheria ya shirikisho, ambayo ndiyo inayotawala uhamiaji, kiasi kwamba mwombaji anayekiri rasmi kwamba aliimiliki anaweza kuzuiwa bila kuwahi kushtakiwa. Kwa Afrika Mashariki mfano ulio karibu ni mirungi: huko Meru nchini Kenya ni zao halali la biashara, lakini ng'ambo ya mpaka wa Namanga, upande wa Tanzania, ni kosa la jinai, na kwa kuwa kathinoni iliyomo katika majani mabichi imeorodheshwa na Marekani miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa, Mtanzania aliyehukumiwa kwa fungu la mirungi anaweza kukumbana na kizuizi ambacho mkulima wa Meru hakijui.

Aliyezuiwa anaweza kuomba kizuizi kiondolewe, ama kwa kuwa kosa lilitendeka miaka 15 au zaidi iliyopita na amejirekebisha, ama kwa kuthibitisha kwamba mwenzi, mzazi au mtoto wake aliye raia au mkaaji wa kudumu atapata taabu iliyopita kiasi. Wauaji hawaruhusiwi kuomba. Wa dawa za kulevya huruhusiwa tu iwapo kosa ni moja, la kumiliki bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi binafsi.

Wenye grinkadi tayari nao hawako salama. Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras aliyekuwa mkaaji wa kudumu kwa zaidi ya miaka 40, alikiri kosa la kusafirisha bangi baada ya wakili wake kumhakikishia kwamba, kwa muda alioishi nchini, hakuwa na sababu ya kuhofia kuondolewa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kikatiba kumweleza mteja asiye raia hatari hiyo kabla hajakiri. Wajibu huo hauwafikii mawakili wa Arusha au Mombasa, na mshtakiwa wa huko anayeshauriwa akiri, alipe faini, mambo yaishe, hutia saini bila kujua kwamba karatasi hiyo inaweza kuja kusomwa ubalozini kwa kamusi nyingine.