Ndagu na Agano la Pepo katika Michezo ya Kuigiza Mezani

Katika michezo ya kuigiza mezani, yaani ile ambayo wachezaji wachache huketi pamoja, kila mmoja akachukua nafasi ya mtu wa kubuni, na matendo yao yakaamuliwa kwa maneno na kwa kurusha dadu, mhusika anayewavutia wengi ni yule aliyepata nguvu zake kwa kuingia agano na pepo. Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotolewa Marekani mwaka 1974 na kuzaa aina hii yote, ulimweka mhusika huyo katika kitabu kikuu cha wachezaji mwaka 2008, na toleo la 2014 humwachia mchezaji achague bwana wa agano lake, awe ibilisi au kiumbe wa kale asiyeeleweka na binadamu. Kanuni zake hueleza kwa urefu kile ambacho mhusika anapata, na hata ni mara ngapi anaweza kukitumia kabla ya kupumzika; kuhusu kile anachodaiwa zinasema machache, na jambo hilo huachiwa mchezaji na mwongoza mchezo wapatane. Ndiyo maana katika meza nyingi agano hubaki pambo tu, deni lisilo na mdai.

Masimulizi ya Shinyanga na ya ukanda wa dhahabu wa Geita, nchini Tanzania, yamejengwa kinyume kabisa. Huko husemwa kwamba fulani ana ndagu, yaani dawa ya utajiri inayotolewa na mganga kwa masharti, na msimulizi hajishughulishi sana na jina la jini wala na namna nguvu zake zinavyofanya kazi, kwa kuwa utamu wa habari umo katika masharti yenyewe. Tajiri mwenye nyumba ya ghorofa husimuliwa kuwa analala sakafuni. Mwingine, mwenye malori, haruhusiwi kuvaa nguo mpya. Mwingine tena ana mtoto aliyegeuka zezeta tangu biashara ilipochangamka, na majirani wakaunganisha mambo hayo mawili bila kuulizana. Anayelipa mara nyingi si aliyekula kiapo bali ndugu yake, na hapo ndipo ndagu inapomzidi kwa ukali ibilisi wa vitabu vya Ulaya, ambaye kwa kawaida huitaka roho ya yule yule aliyetia saini.

Si ajabu kwamba simulizi hizo zimestawi machimboni. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, huwalisha wachimbaji wake kwa miezi kadhaa bila kujua kama mwamba utatoa chochote, huku duara la jirani, hatua chache kutoka hapo, likitoa viroba vya mawe yenye dhahabu. Tofauti hiyo haielezwi na juhudi wala akili, na mganga anayedai kuijua sababu yake hakosi mteja.

Lakini ukanda huu unajua pia imani hiyo ilipoacha kuwa simulizi. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo Kanda ya Ziwa kwa madai kwamba viungo hivyo huleta utajiri, na mwaka 2010 watafiti Deborah Bryceson, Jesper Jønsson na Richard Sherrington walichapisha makala iliyoyahusisha mauaji hayo na biashara ya waganga kwa wachimbaji wadogo. Serikali iliwapiga marufuku waganga wa kienyeji mwaka 2009 na tena mwaka 2015. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino, hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Katika habari hizo zote pepo haonekani kokote: wanaoonekana ni mganga, mnunuzi, watu wenye mapanga na mtoto.

Kwa mwongoza mchezo anayetaka agano lenye uzito, fundisho la ndagu ni kwamba aanze na sharti kabla ya kutaja nguvu, na sharti hilo liguse maisha ya kila siku ya mhusika, kiasi kwamba wenzake wa safari wataliona na kuanza kunong'ona: halali kitandani, hagusi chumvi, haingii nyumbani kwa mama yake. Kisha waamue wote, kabla dadu haijarushwa, ni nani atakayelipa sharti likivunjwa, maana mhusika anayejihatarisha mwenyewe hucheza tofauti sana na yule ambaye mdogo wake ndiye dhamana. Kiungo cha binadamu kisiwe miongoni mwa masharti hayo, hata kwa kisingizio cha uhalisia, kwa sababu katika meza iliyopo Kahama au Geita yumkini mmoja wa wachezaji ni ndugu wa mtu aliyewahi kuwindwa.