Programu Isiyokuja

Mpiga picha wa Kamina hutunza arusi na ubatizo wa jamaa zetu ndani ya kompyuta. Je, programu anayoitegemea itadumu? Tutazame yaliyowapata wengine. Mwaka 2010 kampuni ya Apple ilitoa Aperture 3, programu ya kusafishia na kupangia picha. Wapiga picha wakaingoja ya 4 kwa miaka minne. Juni 2014 wakaambiwa haitakuja kamwe. Mwaka 2019 mfumo mpya wa kompyuta za Apple ukaikataa hata ile ya 3.

Basi mwenye kungoja asikae bure. Picha asili aziweke pia katika diski ya pembeni, nje ya programu, na zilizo bora azichapishe. Programu hupita, sura ya marehemu babu haipigwi mara ya pili.