Tuwafundishe Watoto Kujiokoa Kabla ya Maafa

Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko kubwa la ardhi lilipiga kaskazini-mashariki mwa Japani, kisha ikaja tsunami. Katika mji wa Kamaishi, wanafunzi wa sekondari iliyokuwa karibu na bahari walikimbilia mlimani mara moja. Watoto wa shule ya msingi jirani, waliokuwa wamepandishwa ghorofani, walipowaona wakakimbia nao. Wanafunzi wote waliokuwa shuleni wakapona. Katika shule ya msingi ya Okawa, mjini Ishinomaki, watoto walikaa uwanjani kwa takriban dakika 50, ingawa nyuma ya shule kulikuwa na kilima. Wanafunzi 74 na walimu 10 walipoteza maisha.

Kamaishi walikuwa wamejiandaa kwa miaka kadhaa. Profesa Toshitaka Katada aliwafundisha watoto mambo matatu: usitegemee makadirio ya ramani, fanya kila uwezalo, na uwe wa kwanza kukimbia, maana akimbiaye kwanza huwavuta wengine.

Sisi hapa Tanzania tunalihitaji somo hilo. Kagera ilitikiswa na tetemeko tarehe 10 Septemba 2016. Tarehe 3 Desemba 2023, tope kutoka Mlima Hanang liliua watu zaidi ya 80.

Je, tumfundisheje mtoto wa shule ya msingi?

Kwanza, ajue dalili. Ardhi kupasuka mlimani, miti kuinama, mto kugeuka tope ghafla: hapo aondoke bondeni, apande upande ulio mbali na mkondo.

Pili, ajue la kufanya. Ardhi ikitikisika akiwa darasani, aingie chini ya dawati, akinge kichwa, ashikilie mguu wa dawati hadi mtikisiko uishe. Asivuke maji yanayokwenda kasi, hata kama ni ya magotini. Radi ikipiga, asijikinge chini ya mti.

Tatu, afanye mazoezi. Mtoto mwenye hofu hukumbuka alichokitenda mara nyingi kuliko alichokisikia mara moja. Tusimtishe, tumzoeshe.

Katekista na walezi wa Utoto Mtakatifu wanaweza kuanza Jumamosi hii. Watembee na watoto kutoka kanisani hadi mahali pa juu palipo salama, wahesabu dakika, kisha kila mtoto akawaonyeshe njia hiyo wazazi wake.