Weka ukurasa wako wa oda kwenye seva yako mwenyewe (na kosa lililonipotezea oda 43)

Wengi mmeniuliza inbox, "Boss, ule ukurasa wako wa oda umeuwekaje?" Leo nawaelezea. Mimi sijasomea kompyuta, nimeishia form four, nauza viatu vya mtumba hapa Mwanza. Nimejifunza kwa kuharibu, kwa hiyo naanza na nilichoharibu.

Siku tatu kabla ya Krismasi niliamua kubadilisha rangi ya ukurasa wangu. Nikapandisha toleo jipya usiku, nikaona linafunguka vizuri, nikalala. Asubuhi naingia kuangalia oda: sifuri. Oda 43 zimeyeyuka, na watu 17 walishalipa. Nikakaa na meseji za M-Pesa, napiga simu moja moja: "Samahani dada, uliagiza kiatu gani, namba ngapi?" Wengi walinielewa. Mama mmoja akanijibu, "Kumbe wewe ndo wale matapeli wa mtandaoni." Hiyo iliniuma kuliko hela.

Sasa tuelewe kilichotokea.

KONTENA NA KLASTA

Programu siku hizi inafungwa ndani ya kontena pamoja na vitu vyote inavyohitaji. Chukulia ni kibanda cha gulioni. Jioni kinabomolewa, gulio lijalo unajengewa kingine kinachofanana kabisa. Ukisahau daftari la madeni ndani, limeondoka na kibanda. Kila ukipandisha toleo jipya, kontena la zamani linatupwa na jipya linawekwa. Oda zangu zilikuwa ndani ya kontena.

Docker ndiyo inayoendesha kontena. Ndani yake kuna kitu kinaitwa Swarm, kinaunganisha seva kadhaa zifanye kazi kwa pamoja, na hilo kundi ndo klasta. Hata seva moja inaweza kuwa klasta, na sisi tunaanzia hapo.

Juu yake tunaweka CapRover. Ni programu huria, huilipii, unalipia seva na domeni tu. Inakupa ukurasa wa kubonyeza badala ya kuandika amri kila siku.

HATUA

1. Kodi seva yenye Ubuntu, RAM isipungue GB 1, na iwe na IP inayofikika kutoka intaneti.

2. Nunua domeni. Kwenye mipangilio ya DNS ongeza rekodi ya aina A, sehemu ya jina andika *.duka, halafu ielekeze kwenye IP ya seva. Usiisahau nyota. Ndiyo inafanya oda.duka, picha.duka na majina mengine yote yafike kwenye seva yako bila kuongeza rekodi kila mara.

3. Weka Docker kwa kufuata maelekezo ya Docker wenyewe. Ile ya snap iache, inasumbua na CapRover.

4. Fungua milango 80, 443 na 3000 kwenye ulinzi wa seva.

5. Andika amri hii, yote mstari mmoja:

docker run -p 80:80 -p 443:443 -p 3000:3000 -e ACCEPTED_TERMS=true -v /var/run/docker.sock:/var/run/docker.sock -v /captain:/captain caprover/caprover

6. Subiri kidogo, kisha kwenye brauza fungua http:// ikifuatiwa na IP yako na :3000. Neno la siri la kuanzia ni captain42. Ingiza domeni yako, yaani ile duka na jina linalofuata, bila nyota. Washa HTTPS, halafu BADILISHA neno la siri hapohapo. Hilo la mwanzo linajulikana dunia nzima. Cheti cha HTTPS kinatoka Let's Encrypt bure, na CapRover inakihuisha yenyewe.

7. Tengeneza app yako. Chini ya sehemu ya jina kuna kisanduku kimeandikwa "Has Persistent Data". Kama app inatunza oda, wateja au picha, kiwekee tiki. Kisha kwenye mipangilio ya app taja folda ambayo data inakaa. Hapo daftari linakaa nje ya kibanda, kibanda kikibomolewa lenyewe lipo. Mimi kisanduku hicho nilikiruka.

MAMBO MAWILI YANAYODANGANYA WATU

Kwanza, bekapu ya CapRover inabeba mipangilio, haibebi data ya app zako. Oda lazima uzitolee nakala mwenyewe, na uiweke nje ya seva hiyo. Mimi naipakua kwenye laptop kila jioni nikifunga duka.

Pili, usidhani ukiongeza seva ya pili oda zako zimepona. App yenye data ya kudumu inafungwa kwenye seva moja. Seva hiyo ikifa, data haihamii kwa jirani yake. Kwa hiyo kabla ya kulipia seva ya pili, hakikisha nakala zako zipo.

KABLA HUJAWAPA WATEJA LINKI

Weka oda moja ya uongo. Pandisha toleo jipya la app. Rudi uangalie kama ile oda bado ipo. Ni dakika tano tu. Ikipotea, imepotea ya uongo.

Na kiukweli, kama unapata oda tatu nne kwa siku, WhatsApp na daftari vinatosha kabisa. Usijitese kwa sababu umeona mwenzio anafanya.

Yule mama nilimpelekea viatu mwenyewe mpaka Igoma, boda nikalipa mimi. Alipokea, akashukuru. Mpaka leo hajanunua tena.

Umekwama hatua ya ngapi? Andika namba kwenye comment, nitakujibu usiku nikishafunga.